Damu ya Perege wa Katekista

Katekista Stanislaus alikuwa mtu wa maji safi, na pale Kibaoni hapakuwa na mtu aliyelibishia hilo. Bwawa lake la samaki, alilolichimba nyuma ya nyumba baada ya kustaafu kufundisha dini, lilikuwa na maji angavu hata ukisimama ukingoni unamwona perege akijigeuza chini kabisa, unamchagua kwa kidole kabla wavu haujaingia. Jumapili baada ya misa watu walifika, wengine kununua, wengine kutazama tu. Bonde la Kilombero lina maji mengi kuliko linavyohitaji, lakini ni maji ya rangi ya chai. Samaki wake humwoni mpaka ameshatoka. Kwa Stanislaus ulimwona, na mke wake, Mama Digna, alikuwa akisema kwamba wateja wao hununua kwa macho kwanza, tumbo linafuata.

Haikushangaza basi kwamba kata ilipounda kamati ya mazingira, yeye ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti. Mwaka wa kwanza kamati iliwaondoa wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wakinywesha ng'ombe kwenye kijito cha Lihami. Wafugaji walihamia upande wa Idete bila ugomvi mkubwa, kamati ikajipongeza, kisha ikajikuta haina kazi. Ndipo ikamgeukia Mabula.

Mabula naye alikuwa Msukuma, aliyeingia bondeni na ng'ombe kama wenzake. Ng'ombe wake waliisha kwa ugonjwa wa ndigana. Badala ya kurudi kwao Shinyanga mikono mitupu, alijenga banda kando ya Lihami na kuanza kuyeyusha betri kuukuu za magari. Madini ya risasi aliyoyapata aliyamimina kwenye vikalibu, akatengeneza vile vizito vya kuzamishia nyavu, na wavuvi walitoka hadi Malinyi kuja kununua kwake kwa sababu vya dukani vilikuwa adimu. Moshi wa banda lile uliwasha koo. Jivu lake Mabula alilimwaga kijitoni. Baadhi ya wajumbe wa kamati walimchukia kwa ajili ya moshi, wengine kwa ajili ya ng'ombe ambao hakuwa nao tena.

Kamati iliandika kuomba aondolewe. Wilaya ikajibu kwa kuuliza ushahidi uko wapi. Hapo mambo yakakwama, maana samaki wa Lihami walikuwa bado wanaogelea, na hakuna mtu aliyekuwa ameugua, kwa kadiri ilivyojulikana.

Stanislaus akamkumbuka Balbina. Huyu alikuwa binti yake wa ubatizo. Babake mzazi alitaka kumwoza mara tu alipomaliza darasa la saba, na Stanislaus ndiye aliyekwenda kukaa uani kwa yule baba, akirudi na kurudi, bila ugomvi, akizungumzia hali ya mpunga na mvua, mpaka mzee akachoka na kumruhusu binti aende sekondari. Sasa, mwaka wa tisini na sita, Balbina alikuwa Chuo Kikuu huko Morogoro akisomea shahada ya pili, na habari zilizofika Kibaoni zilisema kwamba anasoma damu ya samaki, na kwamba kwa damu hiyo anaweza kujua kama maji yana sumu ya madini hata ambayo jicho halioni.

Stanislaus alimpelekea ujumbe. Kwa upande wake Balbina alikuwa amehangaika muda mrefu kutafuta mahali pa kufanyia utafiti, na profesa wake alianza kumtazama kwa huruma. Alipopata habari za banda la Mabula alifurahi kwa namna ambayo baadaye aliionea haya. Mtu akiambiwa kwamba kijito cha kwao kina sumu, si kawaida ashangilie.

Alifika mwanzoni mwa kiangazi. Mama Digna alimchinjia kuku, na kesho yake Stanislaus akampeleka mbele ya kamati. Balbina aliwaeleza kwa Kiswahili chepesi. Alisema kwamba chembe nyekundu za damu ya samaki, tofauti na zetu sisi, kila moja ina kiini chake, na ndani ya kiini umo urithi wote ambao samaki yule aliupokea kwa wazazi. Madini yakiingia mwilini kwa kupitia mashavu, yanaweza kuukata urithi ule. Chembe inapogawanyika, kile kipande kilichokatika hakipati njia ya kurudi kwa wenzake, kinabaki pembeni kama punje ndogo kando ya kiini kikubwa. Ukihesabu chembe zenye punje hizo, unajua samaki ameumizwa kiasi gani, ingawa bado anaogelea vizuri na ukimkaanga ni mtamu.

Mjumbe mmoja aliuliza, kama bado ni mtamu, ubaya uko wapi. Balbina akajibu kwamba ubaya wa namna ile hauanzi kwenye sufuria. Unaanza kwa watoto wa samaki, na kwa vitu vingine vinavyokunywa maji yale yale.

"Lakini nahitaji samaki wa mahali safi, wa kulinganisha nao," alisema. "Bila hao siwezi kusema lolote juu ya Mabula."

Wajumbe wote waligeuka kumtazama Stanislaus, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyetajwa kwenye matangazo ya kanisani.

Balbina aliona si adabu kuvua mlangoni kwa mtu bila kumwarifu, kwa hiyo alikwenda bandani kwa Mabula asubuhi, akamkuta na upawa mkononi akimimina risasi. Alikuwa mtu mrefu, mkondefu, mwenye uso wa rangi ya jivu lake. Balbina alimwamkia kwa maneno machache ya Kisukuma aliyoyajua.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, dada," alijibu Mabula, akacheka, maana pale Kibaoni watu wengi walimpita bila salamu yoyote.

Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu. Huko juu ya kijito, alisema, iko mashine ya kukoboa mpunga, iko gereji, na watu wanafua nguo; hao samaki watajuaje kwamba ni yeye?

"Hawatajua ni nani," Balbina alisema. "Watasema tu kama wameumia au hawakuumia."

"Basi wana haki kuliko kamati," alisema Mabula. Akaweka upawa chini, akaenda kuchukua wavu wake wenye risasi alizozimimina mwenyewe, akamvulia perege palepale chini ya banda, mahali ambapo jivu lilikuwa limetengeneza ukingo wa kijivu kwenye matope.

Hospitali ilimwazima Balbina hadubini saa za mchana, foleni ya wagonjwa wa malaria ilipokwisha. Rangi aliyotumia kupaka damu ya samaki ilikuwa ileile ya zambarau wanayotumia kutafutia malaria kwenye damu za watu. Fundi wa maabara, mtu mmoja aliyeitwa Fidelis, alifunika kwa plasta majina ya kila kipande cha kioo ili Balbina asijue damu ipi imetoka kijitoni na ipi imetoka bwawani. Balbina ndiye aliyemwomba afanye hivyo. Alijijua. Alijua ni nani alitamani awe na hatia, na alijua kwamba jicho lina adabu ya kumpendeza mwenyewe.

Alihesabu wiki nzima. Vile vioo viligawanyika vyenyewe mafungu mawili, bila ubishi. Fungu moja lilikuwa na punje moja moja za hapa na pale, ambazo samaki yeyote huwa nazo. Fungu la pili lilikuwa limejaa: viini vyenye kijiini pembeni, viini vilivyobonyea, viini vilivyotaka kukatika kati. Balbina alimwita Fidelis kwa furaha ya mtu aliyekaribia kuhitimu, akaanza kubandua plasta.

Fungu lililoharibika lilitoka bwawani kwa Katekista.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumshutumu Fidelis kwamba amechanganya. Fidelis alikuwa mtu wa miaka mingi maabara, na alikasirika kimyakimya; siku chache alimwachia ufunguo mezani badala ya kumfungulia. Balbina alivua samaki wengine, akaandika majina kwa mkono wake, akapaka, akahesabu upya. Samaki wa Lihami, walioishi chini ya jivu la betri, walikuwa na damu nzuri. Perege wa maji angavu walikuwa wamekatikakatika.

Alikwenda bwawani siku ya Jumamosi, bila kujua anatafuta nini. Stanislaus alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, suruali ameikunja, akiburuta kipande cha gunia kilichofungwa kwenye ufito. Nyuma ya gunia maji yalikuwa yakitoa rangi ya samawati nzuri, kisha inapotea.

"Shikamoo baba. Hicho nini?"

"Marahaba mwanangu. Dawa ya maji." Alilinyanyua gunia ili aone vizuri. Ndani yake mlikuwa na mawe ya buluu yaliyoanza kuyeyuka. Alikuwa akitumia mrututu, alisema, ule ule ambao wazee huweka kwenye vidonda sugu. Aliujua tangu ujana wake, alipokuwa akipulizia kahawa kwenye mashamba ya walowezi kule Arusha. Mrututu huua ule ukijani wa maji, na huua konokono wa kichocho. Alipoanza kuchimba bwawa, watoto wa jirani walioga humo wakaanza kukojoa damu. Tangu alipoweka mrututu hakuna mtoto aliyeugua tena. Hakuwa akificha. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Balbina aliketi ukingoni. Perege walikuwa wakipita chini ya kivuli chake, akiwaona mmoja mmoja.

"Baba, mrututu una shaba ndani yake."

"Ni dawa."

"Ni dawa ya shaba. Samaki wako wanaivuta kila wiki." Akamweleza yote, ya vioo, ya plasta, ya kurudia. Alieleza na jambo lililomshangaza yeye mwenyewe mpaka alipokaa kulifikiri: matope ya Lihami ni ya mfinyanzi mweusi, yanaikamata risasi na kuishikilia chini, na maji yale ya rangi ya chai yanafunga madini yasiingie kwenye samaki kwa urahisi. Bwawa la Katekista halikuwa na uchafu wowote wa kuikamata shaba. Usafi wake ndio uliowaponza samaki.

Stanislaus alitoka majini. Alikaa muda mrefu akiifuta miguu yake kwa majani.

"Nilikuita uje kunisaidia," alisema mwishowe.

"Najua, baba."

"Huwezi kusema kwamba kijito hakikupimika? Si uongo. Mashine ziliharibika. Mashine huharibika."

"Mashine haikuharibika."

Stanislaus akafanya kitu ambacho Balbina hakukitegemea: alicheka kidogo, bila furaha. "Amri ya nane, usiseme uongo, nilikufundisha mwenyewe," alisema. "Ulikuwa mgumu kuikariri. Ulikuwa ukiruka kutoka ya saba hadi ya tisa. Nikakuchapa." Akainuka. "Kawaambie. Mimi nitakaa mbele."

Kweli alikaa mbele. Mkutano ulifanyika shuleni, na watu walikuwa wengi kuliko madawati, kwa sababu ilikuwa imetangazwa kwamba Mabula atahukumiwa na samaki. Mabula alikuja akiwa amevaa shati lililonyooshwa, mkono mmoja mfukoni. Balbina alisoma matokeo taratibu. Alisema kwamba samaki wa kijito hawakuonyesha madhara. Alisema kwamba samaki wa bwawa wana viini vya ziada kwenye damu yao, na sababu ni mrututu, na kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Alijitahidi kusema jambo hilo la mwisho kwa sauti kubwa kuliko mengine.

Hapakuwa na makelele. Watu walitazama sakafu kwa heshima ya Katekista. Kisha mzee mmoja akainua mkono, akauliza hicho kiini hasa ni kitu gani. Balbina akajibu, kwa haraka na bila kufikiri, kwamba kiini ndicho kinachobeba urithi na uhai wa chembe.

"Na hao wa bwawani wanavyo viwili?"

"Wana kikubwa, na kingine kidogo cha ziada. Lakini hicho cha ziada ni…"

Mzee alikuwa ameshaketi, ameridhika. Alilopata lilimtosha.

Wiki iliyofuata perege wa Stanislaus waligombaniwa. Watu walitoka hadi upande wa pili wa mto kutafuta samaki wenye viini viwili. Wanaume waliokuwa wameoa karibuni waliagiza mapema. Mama mmoja mwenye binti aliyechelewa kushika mimba alimwomba Mama Digna amtengee wale waliotoka chini kabisa, ambako aliamini viini vimejaa zaidi. Balbina alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza kwamba kile kiini ni jeraha, na watu walimsikiliza vizuri, wakamshukuru, wakauliza kama bado wamebaki. Padri naye alitangaza baada ya misa kwamba mambo ya kitaalamu yaachiwe wataalamu, tangazo ambalo kila mtu alilielewa alivyotaka.

Stanislaus aliwauza. Mtu aliyetegemea kuaibishwa na badala yake anasifiwa huhitaji muda kidogo kukataa sifa. Lakini alikuwa halali vizuri, Mama Digna alisema, na alikuwa ameacha kula samaki.

Mabula kwa upande wake aliandika kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa banda: SAMAKI WA HAPA WAMEPIMWA, WAZIMA. Akaongeza tanuri la pili.

Balbina alipoona maandishi yale alikwenda kumkataza. Alitaka kumweleza kwamba uzima wa samaki si ruhusa, kwamba risasi ipo, imelala kwenye matope, na siku mafuriko yakiyakoroga matope yale hakuna anayejua itakwenda wapi. Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimpa mkono, na Mabula akaunyanyua mkono wake wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto. Kiganja kilikuwa kimelegea kutoka kwenye kifundo, kimening'inia kama kitu kisicho chake.

"Tangu lini?"

"Mkono umechoka tu," alisema. "Kuinua upawa kutwa si mchezo." Alipobanwa zaidi alikiri kwamba na tumbo linamkaza, siku nyingine hadi analala chini ya banda akiwa amejikunja. Alikuwa na maelezo yake. Aliamini Katekista anamwombea vibaya, na maombi ya mtu wa kanisa hayana dawa, kwa hiyo hakwenda hospitali.

Balbina alimpakia kwenye baiskeli ya kukodi, akaandamana naye kwa miguu. Fidelis alimtoboa kidole Mabula, akapaka damu kwenye kioo, akaitia ile rangi ya zambarau, kisha akasogea pembeni. Balbina akainama kwenye hadubini. Damu ya mtu haina viini, ni visahani vitupu. Lakini hivi havikuwa vitupu. Vingi vilikuwa vimenyunyiziwa vidoa vidogo vya buluu, kama uji uliomwagiwa ulezi. Alikuwa ameviona vitabuni. Hakuhitaji kuhesabu.

Alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu, kwa sababu hakutaka Fidelis amwone uso. Rangi ilikuwepo tangu mwanzo, na hadubini pia. Mtu aliyekuwa akivuta moshi ule kutwa nzima alisimama mbele yake, akamvulia samaki kwa mkono wake mwenyewe, na yeye alishukuru, akachukua samaki, akaondoka.

Daktari alithibitisha. Ilikuwa risasi, na nyingi. Mabula alilazwa. Daktari aliandika Dar es Salaam kuomba dawa ya kuitoa mwilini, akamkataza kurudi bandani hata kuchukua nguo, na akasema kwamba ikiwezekana mgonjwa apate maziwa kila siku, maana amekauka mifupa.

Kwa hiyo banda likafungwa, bila barua wala amri. Mjumbe mmoja wa kamati alikuja kwa Stanislaus asubuhi na mapema kumpa habari njema. Stanislaus alimkaribisha chai, akasikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amekwenda kumwona mgonjwa. Mjumbe akasema hapana. Stanislaus akavaa kofia yake, akamwacha na chai yake.

Balbina alikuwa wodini alipoingia. Mabula alimtazama kutoka kitandani.

"Umeshinda, Katekista."

"Sikuomba hivi."

"Uliombaje?"

Stanislaus alivua kofia. "Niliomba moshi uzimwe."

"Umezimwa," alisema Mabula. "Mungu wako hana simile."

Hakuna aliyecheka, ila Balbina aliona kwamba wote wawili walikuwa karibu kucheka. Stanislaus aliuliza daktari amesema nini, na aliposikia habari ya maziwa akavaa tena kofia yake, kwa sababu alijua ng'ombe walipo na alijua ni nani aliyewapeleka huko.

Alikwenda Idete kwa baiskeli. Wafugaji walimtambua kutoka mbali, wakamletea kigoda. Mkubwa wao, mzee aliyemwamkia kwa heshima zote, alimwuliza kama kamati imepata mahali pengine pa kuwahamishia. Stanislaus akasema hapana, amekuja kuomba maziwa, ya Mabula. Wale watu walizungumza Kisukuma kwa muda. Kisha mzee akamwambia kwamba maziwa yapo, na kwamba hawatataka kitu, ila lazima aje kuyachukua yeye mwenyewe, si kumtuma mtu. Wakamkalisha pale karibu na zizi, kwenye harufu yote, mpaka ng'ombe wakakamuliwa, nao walikamuliwa bila haraka yoyote. Ndivyo ilivyokuwa kila alipokwenda, na alikwenda msimu wote. Mwishoni alijua majina ya ng'ombe kadhaa, na yupi anapiga teke.

Mambo ya bwawa yalimalizwa na Mama Digna. Alikusanya mrututu wote uliobaki, akaufungia kwenye sanduku la vitenge vyake na ufunguo akautia kifuani, halafu akanunua bata wa kula konokono. Stanislaus hakupinga. Kufikia mwisho wa kiangazi maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa kisamvu. Wateja walikuja Jumapili, wakainama, hawakuona kitu, wakasema kwamba bwawa limeharibika na kwamba inasikitisha mtu anavyozeeka. Wale wa viini viwili nao wakakata tamaa, wakahamia kwenye dawa za mizizi.

Kabla ya kurudi Morogoro Balbina alipima kwa mara ya mwisho. Alikwenda kumwambia Stanislaus, aliyekuwa ameketi ukingoni akiwatupia samaki pumba bila kuwaona.

"Wanapona, baba. Punje zimepungua sana. Sasa hivi hawana tofauti na wa Lihami."

"Kwa hiyo ni wazima."

"Wazima."

"Na hakuna anayewataka."

"Hakuna," Balbina alikubali.

Stanislaus akatupa pumba zilizobaki. "Basi tutawala wenyewe," alisema, na jioni ile alikula samaki kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano, wawili, na wali wa kutosha.

Tasnifu ya Balbina ilipita. Wasahihishaji waliisifu hasa kwa sehemu moja: busara ya mtafiti ya kuchagua kwa makusudi bwawa lenye mrututu, ili kuonyesha jinsi shaba inavyoumiza samaki kwenye maji yasiyo na matope. Balbina alisimama akaeleza kwamba hakuchagua kitu, kwamba alidhani pale ndipo mahali safi. Waliandika kwamba mtahiniwa ana unyenyekevu wa kisayansi, wakampa alama za juu.

Mabula hakuweza tena kuinua upawa wa risasi, lakini kiganja kilirudi kwa kiasi cha kushika spana, akafungua karakana ya baiskeli karibu na stendi. Stanislaus alijiuzulu uenyekiti. Kamati ilimchagua mtu mwingine, kijana mwenye bidii, ambaye katika kikao chake cha kwanza alipendekeza hatua zichukuliwe juu ya lile bwawa la kijani nyuma ya nyumba ya Katekista, kwa kuwa linaleta picha mbaya mjini. Walimpelekea Stanislaus onyo la maandishi. Alilisoma kwa sauti mbele ya Mabula, aliyekuwa akimtengenezea mnyororo wa baiskeli, na Mabula akamwuliza kwa upole kama wameshapata ushahidi.